Bikoni Iliyokuwa kwa Kuku Wangu

Leo nimeshika mwizi wa ploti huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Wote. Ama nilidhani hivyo.

Mzee mgeni alikuwa anapima ploti tupu iliyo kando ya yangu. Na kamba!

Nikaita majirani.

"Wewe, unapimia nani?"

"Mama, hii ni yangu. Natafuta tu bikoni ya nne, lile jiwe la mpaka."

Eti yake! Miaka sita niko hapa na sijawahi kumwona.

Nikamwambia atafute tukiona.

Akanyoosha kamba polepole, ikavuka ua, ikaingia kwangu.

Bikoni iko ndani ya nyumba ya kuku. Imefunikwa na gunia.

Majirani wote wakanigeukia.

Jamani, mimi hulisha kuku tu. Aliyejenga hiyo nyumba yao ni bwanangu.

Hajawahi kukata simu yangu. Leo amekata mara tatu.