Mkongojo Nje ya Mlango

Jumanne jioni ukumbi wa kanisa pale Berea, Afrika Kusini, uko kimya. Meza ya tenisi imekunjwa na kuegemezwa ukutani, na wanakwaya wanatundika majoho yao juu yake. Tangu 2015, kwa miaka minne, kipira kilidunda humo hadi mlinzi alipokuja kuzima taa. Mchezaji alikuwa Victorine, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye polio ilimnyausha mguu wa kulia angali mtoto mchanga.

Meza ililetwa na Thabo, mwalimu wa michezo aliyezaliwa Morogoro, mama Mtanzania, baba mkimbizi wa kisiasa wa Afrika Kusini. Aliwaletea vijana wa kanisa, wakaichoka ndani ya mwezi. Victorine alikuja kuwapima wanakwaya majoho, akaomba kujaribu. Mkongojo kwapani, hakuweza kukifuata kipira, basi alijifunza kukiwahi, akikipiga kikiwa bado kinapanda. Alitwaa ubingwa wa mkoa wa wachezaji wenye ulemavu mwaka 2016, akaurudia 2017 na 2018. Wapinzani walimwita Mama Cherehani, kwa vile mkono wake haukupumzika.

Mwanzoni mwa 2019 wakubwa wa chama cha mchezo walimwita kupimwa upya, ili ijulikane kama ulemavu wake unatosha kumruhusu kucheza. Neno ni lao: unatosha. Kana kwamba mguu ule ni unga wa kujaza kisado.

Siku hiyo Thabo, ambaye sasa alikuwa kocha wake, aliamriwa kusubiri mwisho wa korido. Mlango ulipokwisha kufungwa ndipo akauona mkongojo umeegemezwa nje.

Ndani, daktari alimuuliza Victorine kama anaweza kuja mezani. Naweza, daktari. Anaweza kusimamia mguu huu? Naweza, daktari. Alikaza nyonga, akauma meno, akausimamia. Daktari akaandika. Dakika kumi zikatosha.

"Mama Victorine, mkongojo umeuacha nje kwa nini?" Thabo alimuuliza walipotoka.

"Kocha, mtu anaingia kwa mkubwa akiwa ameegemea mti? Kwetu hayo ni matusi."

"Eish. Na hukumwambia inauma?"

"Hakuniuliza kama inauma. Aliniuliza kama naweza."

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Mchezaji alitembea bila msaada, ulemavu hautoshi, ameondolewa, na ubingwa wake wote umefutwa. Hatua nne kutoka mlangoni hadi mezani, alizozitembea kwa heshima na maumivu, zikashinda miaka thelathini na mitano ya kuchechemea. Waliomvisha medali mara tatu, waliomwona akipanda ngazi kwa makalio, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Aliyefungua ni mchezaji mmoja aliyefungwa naye mara saba: alisema makwerekwere, jina la dharau wanaloitwa wageni hapa, wamezoea kudanganya.

Thabo aliandika rufaa. Alieleza adabu ya watu wa Bukavu mbele ya mkubwa, akaambatanisha picha za mfupa. Jibu lilikuwa sentensi moja: uwezo uliokwisha kuonyeshwa hauwezi kukanushwa na mwenyewe. Mtu aliyeandika hivyo ana kiti, ana meza yake, na bila shaka alikula chakula chake cha mchana salama.

Thabo alitaka waandike tena. Victorine alikataa, alisema hataomba mtu amwone kiwete.

Sasa ana miaka thelathini na minane. Anashona sare za shule katika chumba cha nyuma ya duka, Jules Street, Malvern, na hayumo katika orodha yoyote ya wachezaji wa mkoa.