Hundi ya Mama Keji na uji wa muhogo

Leo nimecheka peke yangu benki mpaka mlinzi akanisogelea.

Nimeona hundi yenye tarakimu za matundu, nikakumbuka mji wa Koboko, miaka ya sabini.

Nilikuwa karani wa kununua tumbaku. Bosi akaleta mashine ya kutoboa kiasi cha pesa kwenye hundi, ili mtu asiongeze sifuri.

Hundi ya kwanza nikampa Mama Keji, mkulima wa Lobule.

Siku ya tatu huyo, karudi! Benki ya Arua nusura wamwitie askari, eti kaghushi.

Naitazama hundi... kila tundu limezibwa kwa uji wa muhogo. Halafu imepigwa pasi!

"Karani, ofisi yako iko na mchwa," akaniambia kwa huruma. "Mimi natengeneza tu."

(Mimi chini ya meza nacheka. Bosi wapi, kanuna!)

Akapewa hundi mpya, pamoja na barua ya kueleza kwamba matundu ya hundi ni ulinzi. Barua nayo bosi akaitoboa kwa mashine ile ile, ili benki waiamini.

Mama Keji karudi tena, benki wamemkatalia. Hundi safi, matundu wazi.

Barua ndiyo kaiziba.

"Si imesema matundu ya hundi?"

Nyie mngemjibu nini?