Siku Mashine Ilipomketisha Mkurugenzi Mbele ya Mama Mkwe

Mama mdogo wangu alikuwa na kazi isiyofundishwa shule yoyote: kuketisha watu. Katika kampuni moja ya kusafisha shaba hapa Likasi, kila palipokuwa na sherehe alisimama mlangoni na kitenge chake cha bluu, akamwangalia mgeni mara moja, kisha akasema, "Weye, kule." Mgeni akaenda kule, na sherehe ikapita bila mtu kununa.

Mwaka jana kampuni iliandaa siku ya teknolojia. Mada yake ilikuwa ndefu kama treni ya madini: uongozi wa binadamu katika zama za akili bandia. Mimi nilipewa kipaza sauti, kwa sababu naandika riwaya, na watu hudhani anayeandika anajua kusema. Mama mdogo alipewa kiti. Mkurugenzi alimweleza kwa upole kwamba safari hii programu ya kompyuta ndiyo itakayopanga nani akae wapi. Ikifanya vizuri, yeye atahamia chumba cha mafaili, ambako hata panya huingia kwa kupotea njia.

"Miye ku mafaili?" aliniuliza asubuhi hiyo, akikaza kitambaa kichwani. "Nitaketisha nani kule? Makaratasi?"

Nilitaka kumfariji kwa sentensi nzuri. Zote nilizokuwa nazo zilihusu mwezi.

Lazima nikiri, mashine ilianza vizuri. Majina ya wageni yalimeta kwenye skrini mlangoni kama samaki wa ziwa Tshangalele ndani ya beseni, na kila mtu akakifuata kiti chake. Mkurugenzi alijisifu kwamba hakuugusa mpango ule hata kidogo. Mama mdogo alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani, akitazama ukumbi ukijaa bila yeye. Sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Kisha mkurugenzi akaketi meza kuu, mgongo ukutani, akainua macho, akaganda. Mbele yake, umbali wa chupa mbili za maji, alikuwa mama mkwe wake.

Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Ni heshima, haina mjadala. Mashine ilijua tu kwamba mama yule ndiye rais wa chama cha wachuuzi wa soko, na kwamba mgeni wa heshima huketi akielekeana na mwenyeji. Hakuna aliyeiambia kwamba mama yule ana binti, na binti ana mume.

Mama mkwe akavuta kitenge, akajifunika uso mzima. Mkurugenzi akajifunika kwa ratiba. Bukari, ugali wetu, ikaletwa, samaki wakaletwa, na wale wawili wakabaki kama magunia mawili yanayosubiri lori. Hakuna aliyethubutu kuonja wakati mwenyeji amejificha. Nikaona afadhali nimwite atoe hotuba.

Nilikosea. Alisimama, akageuka asimwone mama mkwe, na hapo hapo akaupa mgongo ukumbi mzima. Akauambia ukuta kwamba kiongozi wa leo lazima awatazame watu wake machoni.

"Njo mode ya sasa, kuongea na ukuta?" mama mmoja akaninong'oneza.

Mhandisi wa programu, kijana wa Lubumbashi, alikuwa anatokwa jasho huku akibonyeza kompyuta. Wageni, wakidhani hotuba imekwisha, wakapiga makofi.

Ndipo mama mdogo akasimama. Alichukua beseni kubwa la bukari, akaja nalo kifuani, akasimama katikati ya wale wawili kama ukuta wenye mvuke.

"Mama, kuya na miye," alimwambia mama mkwe. "Kule karibu na dirisha kuko upepo muzuri." Kisha, bila kugeuza shingo: "Patron, usigeuke. Bado. Bado, nasema! Haya, sasa geuka."

Mkurugenzi aligeuka, akaketi, akala kama mtu aliyetoka hospitali. Alipomaliza samaki wa pili alimwita mama mdogo mbele ya wote.

"Mama, ile mambo ya mafaili, tuiache."

Baadaye mhandisi alimfuata na kompyuta wazi, aifundishe mashine ukwe wote wa mji.

"Tuanze na nani, mama?"

"Na weye. Mama mukwe yako ni nani?"

"Siyaoa bado."

Mama mdogo akamwangalia mara moja, kisha akamwonyesha meza ya wasichana wa maabara.

"Weye, kule."