Sweta la Bibi Wawili

Juzi nilipanga foleni posta hapa mjini, nyuma ya mama mmoja aliyeshuka kutoka Nkoaranga na kifurushi kwapani. Karani alionekana kumzoea.

"Shikamoo mama. Njombe tena?"

"Marahaba. Njombe."

"Ndani kuna nini?"

"Sweta la mjukuu wetu. Nalifuma na mama mkwe wa mwanangu. Mimi mwili, yeye mikono."

Karani akafungua kukagua. Hakukuwa na mkono hata mmoja.

"Mikono iko wapi?"

"Nimeifumua. Yule mama anafuma kwa kulegeza, utadhani chandarua. Na yeye mwaka jana alinifumulia kola."

Akauzungusha kidoleni uzi uliokuwa unaning'inia, akausukumiza ndani. Karani akalitandaza sweta kwenye kiganja chake. Likaenea lote, kama la mtoto mchanga.

"Mjukuu ana umri gani?"

"Kaanza darasa la kwanza."

"Sasa kwa baridi hii anavaa nini?"

"La mtumba."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba mimi ni mjumbe wa kamati ya jengo la kanisa letu. Tuko mwaka wa saba, tunafumuana vizuri tu, na ibada bado tunafanyia chini ya turubai la kukodi.