Kipimo cha Jumamosi ya Umuganda

Siku mbili sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: na kama kosa ni langu?

Nilikuwa bado kwenye mkataba wa majaribio, katika ofisi ndogo inayoendesha duka la mtandaoni la maseremala wa Gisozi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikipita, fundi mmoja wa vitanda alipiga simu Jumatatu kulalamika. "Duka yenu iko inalala siku watu wanataka kununua," aliniambia. Bosi alifungua ukurasa kwenye kompyuta yake, ukaja mara moja, akasema tatizo ni simu za wateja.

Mwezi huo nilijionea. Jumamosi hiyo ya umuganda, kazi ya pamoja ya mji mzima, mimi na majirani tulikuwa tumemaliza kuzibua mtaro kule Kagarama, tukaketi kusubiri mkutano wa umuganda. Jirani yangu akataka kunionyesha kwenye duka letu kitanda anachokipenda. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, akakata tamaa. Nikatazama huku na huku: karibu kila mtu alikuwa ameinamia simu. Mji mzima huweka majembe chini saa ileile, kisha hushika simu. Na sisi ambao tungeweza kuona seva, kompyuta inayobeba duka, ikizidiwa, tulikuwa na majembe vilevile.

Kilihitajika kipimo, programu ya kuiangalia seva tusipokuwapo. Tatizo ni kwamba sehemu ya kutafuta bidhaa niliiandika mimi, na huenda ndiyo inayoilemea seva. Niliandika ujumbe kwa bosi, nikaufuta, nikajiuliza kama ni adabu kuutuma Jumapili, nikaufuta tena.

Jumatatu nilimwambia ana kwa ana. Bosi, aliyekulia Kampala na anayependa utani, alicheka.

"Mdogo wangu, mtu mwenye afya ukimpima kila dakika, utamkuta na ugonjwa."

Kwa kawaida ningeomba radhi. Safari hii nilimjibu, "Anaugua Jumamosi, bosi. Wewe unampima Jumatatu."

Akaacha kucheka. "Haya, weka. Lakini kikionyesha ni kazi yako, usinililie siku ya kusaini mkataba wa kudumu."

Nilirudi mezani. Njia ya kujificha ilikuwapo: ningepima mashine peke yake, kumbukumbu yake na mzigo wake, nikaacha muda unaotumiwa na kila ukurasa kufunguka. Hakuna ambaye angeuliza. Niliipima njia hiyo asubuhi nzima, kama ninavyopima kila kitu, na kadiri nilivyoifikiria ndivyo nilivyokasirika. Jirani yangu amekosa kitanda, fundi ameitwa mwongo miezi yote hii, halafu mimi nilinde karatasi ya mkataba?

Nikaweka kurasa zote kwenye kipimo. Ya utafutaji nikaiandika ya kwanza. Nikapanga tahadhari ziende kwenye simu yangu na ya bosi kwa pamoja, nikawasha, kisha nikamtumia ujumbe bila kuufuta: "Kipimo kinafanya kazi. Utafutaji niliuandika mimi, nao unapimwa."