Ndege Aliyerudi Kwenye Shuka Jeupe

Jumamosi ile tulikuwa watu sita sebuleni kwa jirani yetu Mhindi, pale Mlandege, Iringa. Jirani mwenyewe alisimama nyuma ya mashine yake ya sinema. Mkewe alikaa karibu na mlango wa jikoni, sinia la kachori mapajani. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Kilolo kwa ajili ya arobaini. Alikataa kiti, akakaa mkekani na kunyoosha miguu. Mdogo wangu wa kati alikuwa na miaka tisa. Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka minne, naye alikaa mbele kabisa, chini ya shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Wa sita nilikuwa mimi, dada mkubwa, miaka kumi na minne. Mama alikuwa na siku arobaini na moja kaburini, na katika sebule ile mtu mmoja tu hakulijua hilo: yule aliyekaa mbele.

Siku hiyo ilinirudia mwezi uliopita, nilipokwenda Mbalizi, karibu na Mbeya, kumtembelea huyo huyo kitinda mimba, ambaye sasa ni baba wa mtoto mmoja. Binti yake aliniwekea simu mkononi akataka nimweleze katuni. Nitafika huko. Kwanza nikueleze habari za jirani.

Alizaliwa Iringa, na sokoni alipatana bei kwa Kihehe kizuri kuliko changu. Kwa miaka mingi alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema la mjini. Jumba lilipofungwa, alipewa mashine moja iliyochakaa na sanduku la bati lenye mikanda mifupi. Hizo hazikuwa zile filamu ndefu za nyimbo na machozi. Zilikuwa katuni kutoka India, za dakika saba au kumi, zilizoonyeshwa mwanzo watu wakiwa bado wanatafuta viti. Nyingi zilikuwa za kuasa: nawa mikono, majirani wasigombee kisima, weka akiba ya nafaka. Zilichorwa kwa mkono, na mistari yake ilitetemeka. Jirani alituambia kwamba kila hatua ya tembo ilichorwa na mtu aliyeinama mezani, karatasi moja baada ya nyingine, na kwamba mchoraji akichoka, tembo naye anaanza kuchechemea. Tulimwangalia tembo kwa makini. Kweli, alichechemea.

Mashine ilinguruma kama ya kusaga unga. Chumba kilinuka vumbi linaloungua, na mikanda yenyewe ilikuwa na harufu ya siki. Nje kulikuwa na ule ubaridi wa Iringa wa mwezi wa sita, lakini mle ndani tulikaa na vikombe vya chai ya maziwa yenye iliki, tukisahau hata baridi.

Mimi niliingia nyumba ile kwa kazi. Mama alipozidiwa niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, nikawa nafua nguo zao na kusugua masufuria. Jumamosi nikimaliza, mama mwenye nyumba aliniambia, "Kawalete wadogo zako." Katuni zilisema Kihindi, kwa hiyo jirani alitutafsiria kama watafsiri wa mabanda ya video, akipaza sauti juu ya sauti ya filamu. Alipochoka kazi hiyo alinipa mimi. Kihindi sikukijua. Nilikumbuka tu aliyoyasema yeye, kisha nikaongeza yangu. Tembo wangu alisalimia "Kamwene" kama Mhehe. Wezi wangu walikamatwa wakikimbilia Ipogolo.

"Binti, tembo hakusema hivyo," jirani alinipinga.

"Alisema moyoni."

"Mwache," mkewe akadakia. "Tembo wake ana akili kuliko wako."

Sasa rudi nami Jumamosi ile. Mama alipofariki, kitinda mimba alipelekwa Kilolo kwa bibi mpaka mazishi yakaisha. Wakubwa waliona mtoto mdogo hivyo haambiwi. Aliambiwa mama amekwenda Mbeya kufuata mchele. Hakushangaa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mama: alikwenda Mbalizi kununua mchele wa Usangu, akaja kuuza Iringa. Kumsubiri mama alishakuzoea.

Mkanda ulipoanza, pale ukutani alionekana ndege mwenye shingo ndefu na alama nyekundu kichwani, ametua kwenye kiota kando ya mto uliokauka. Jirani aliniinamia. "Binti, huu ndio ule ambao mama anakufa. Nimeuweka bila kuangalia. Nizime?"

Kitinda mimba alikuwa ameshasimama. Alinyoosha mkono amguse ndege, na bawa likajichora kwenye kiganja chake. Alikuwa anacheka. Tangu atoke Kilolo hakuwa amecheka.

"Acha," nikasema.

Yule ndege aliruka kutafuta maji, akaruka mpaka nguvu zikamwisha, akaanguka polepole kwenye mchanga kama jani.

"Dada, amelala?"

"Amechoka. Anapumzika. Anasema, nitarudi mkishakua."

Bibi alikohoa. Makinda kiotani yalilia, yakaota manyoya, mvua ikapita, kiangazi kikapita. Mwishoni ndege mkubwa alitua kiotani na tone la maji mdomoni. Jirani alishatuambia zamani kwamba huyo ni kinda la kwanza lililokua na kushika nafasi ya mama yake. Lakini mchoraji alimpa shingo ile ile na alama nyekundu ile ile.

"Huyo nani?"

"Mama," nikasema. "Amerudi."

Alipiga makofi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani bibi alinishika bega. "Hayo uliyomwambia, siku moja utakaa naye uyanyooshe. Wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikajiambia nitayanyoosha akifika miaka mitano. Alipofika mitano nikasema sita. Katikati hapo alikuwa anakua kwa bidii, kwa bidii kama mtu anayejenga nyumba. Alimaliza ugali wake akaomba ukoko. Alisimama kwenye kizingiti kila mwisho wa mwezi nimpimie urefu kwa mkaa. Na karibu kila Jumamosi aliomba yule ndege, nami nikamtafsiria vile vile, kwa sababu neno likibadilika kidogo tu alinisahihisha.

Katuni zenyewe zilibadilika. Mpwa wa jirani alikuja na deki na kaseti kutoka India, zenye rangi kali za njano na bluu, na mashine ikasukumwa kwenye kona, ikafunikwa kitambaa. Baadaye zikaja sidii, katuni kumi ndani ya moja, zimechorwa na kompyuta. Nyuso ziling'aa kama zimepakwa mafuta, na watu walitembea bila nyayo zao kugusa ardhi sawasawa. "Hawa hawachoki," jirani alisema, akazima televisheni mapema. Kitinda mimba hakuzijali. Alimtaka ndege.

Siku moja jirani alifungua kikopo cha mkanda wa yule ndege akakuta umegandana, umekuwa bonge moja kama sabuni iliyolowa. Ile harufu ya siki ilikuwa ndiyo kuoza kwake, kumbe. Kitinda mimba, wakati huo ana miaka tisa, aliushika, akaugeuza, akaurudisha.

"Si neno," alisema. "Mimi nimeshakua."

Sikumwelewa. Siku tatu baadaye hakurudi kutoka shule. Alikuwa amepanda lori la viazi lililokuwa linakwenda Mbeya. Alishukia Mbalizi, akaingia sokoni akipita kwa mama mmoja hadi mwingine kwenye magunia ya mchele, akitaja jina la mama yetu na kuuliza anakaa wapi. Wanawake wale walimjua mama vizuri. Walikuwa wamechanga rambirambi. Mmoja alimkalisha juu ya gunia akamwambia ukweli. Kisha akafunga biashara yake, akapanda naye basi mpaka Mlandege.

Nilikuwa uani nasonga ugali walipoingia. Nilikuwa sijalala siku mbili. Mama yule wa mchele alisimama nyuma yake. Mdogo wangu alinitazama, macho makavu.

"Dada, yule ndege hakuwa mama."

Wakati ulikuwa huo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na maneno niliyokuwa nayaahirisha yalikuwa yamefika mlangoni kwa miguu yao. Nikasema, "Nenda kanawe, ugali unapoa."

Akaenda kunawa. Hakuniuliza tena, na hakuniomba tena nimtafsirie kitu.

Niliwalea. Nilifua, nikakaanga maandazi, nikauza uji stendi, wakasoma. Wa kati ni muuguzi. Jirani na mkewe wamefariki, na nyumba yao imevunjwa. Pale palipokuwa na lile shuka sasa kuna duka la vigae. Katuni za Kihindi zikaanza kuja kwenye ving'amuzi zikisema Kiswahili zenyewe, kwa sauti za watu wa Dar es Salaam, kwa ufasaha kabisa. Mtafsiri wa nini tena. Nilizisikiliza nikiwa napiga pasi, nikamkumbuka tembo aliyechechemea.

Kitinda mimba alijifunza ufundi wa simu, na kati ya miji yote akachagua kukaa Mbalizi. Kwenye harusi yake alisimama mbele ya watu akanionyesha: "Huyu ndiye mama yangu." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama sahani. Nilikuwa naliona lile kinda la kwanza likitua kiotani na tone la maji. Kama ningeitafsiri katuni ile kama ilivyo, ningekuwa nimemwambia kwamba mama hayupo na kwamba mimi nakuja.

Basi mwezi uliopita nilikuwa kwake. Yeye mezani na bisibisi, simu ya mteja imefunguliwa mbele yake. Binti yake wa miaka mitano alinipandia mapajani na simu ya mama yake. Ilikuwa katuni mpya kutoka India, fupi. Baba yake alisema imetengenezwa na msichana mmoja tu, chumbani kwake. Ajabu ni kwamba mistari ilitetemeka, kama zile za zamani. Ameirudia ile mitetemo kwa kupenda. Mzee alikuwa anatembea kwenye mvua na ng'ombe wake, na hakuna aliyesema neno.

"Shangazi, wanasema nini?"

"Hawasemi."

"Baba kasema wewe unajua, hata wasiposema."

Nilimtazama mdogo wangu. Hakuinua kichwa. Hata leo sijui kama alinisifu au alinichoma.

Ng'ombe akapiga magoti kwenye tope, akalala ubavu. Mzee akamwekea mkono shingoni.

"Kalala?" mtoto akauliza.

Bisibisi ilisimama. Nilikiona kisogo cha mdogo wangu, kimetulia.

"Amekufa," nikasema.

"Ataamka?"

"Haamki."

"Na babu je?"

"Babu atarudi nyumbani peke yake. Atalima kwa jembe."

Mtoto alifikiri. "Atachoka huyo," akasema, kisha akateremka mapajani kwenda kumtafuta mama yake.

Tukabaki wawili. Dada na mdogo wake, mchana kweupe, mlango wazi, hakuna wa kutuharakisha. Nilifungua mdomo. Yeye akapuliza vumbi kwenye ile simu, akasema taratibu, "Dada, kesho unaondoka na basi la saa ngapi?"

"La kwanza," nikamjibu.

Asubuhi alinibebea begi mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akaninunulia maji na ndizi. Mkewe alishaniambia kwamba mumewe akiulizwa na watu habari zangu husema hawezi kunilipa hata akiishi mara mbili. Anaamini hivyo. Kumbe mdaiwa ni mimi, na deni lenyewe halizidi pumzi moja: mama alikufa, mimi nikakudanganya, na uliporudi nikakutuma ukanawe. Binti yake nilimwambia ukweli wa ng'ombe papo hapo, bila shida. Yeye, mwaka wa thelathini sasa tangu Jumamosi ile, nilimpungia mkono dirishani, basi likaondoka, na bado nadaiwa.