Sahani ya Futari kwenye Fleti Tupu

Walisema sitafika. Pale Wawi, kwetu Pemba, kwenye baraza ya duka, wengine walinipa mpaka Dar es Salaam, wengine mpaka uwanja wa ndege wa Ghuba, nirudishwe na ndege ileile. Nilipofika na kupata kazi ya kubeba mabomba, walisema sitadumu. Nilidumu, nikasoma jioni baada ya kazi mpaka nikapata stashahada ya mitambo ya kupoza hewa. Wakasema stashahada hailiwi. Na siku habari zilipowafikia kwamba nataka kununua fleti kulekule ng'ambo, mwenye duka, ambaye hakuna aliyemshinda kwa ulimi pale barazani, alisema maneno niliyoyapata yote kwa simu kabla hayajapoa.

"Fleti? Zipo hapa Wete tangu Mapinduzi, watu wanapanda ngazi na ndoo. Huyu kaenda kote huko kutafuta ngazi?"

"Babu yake kaja kupalilia karafuu za watu," mwengine akaongeza. "Nyasi zipo chini, yakhe. Huko hewani atapalilia nini?"

Babu yangu alikuja kupalilia, ni kweli. Alitoka bara na jembe lake, baada ya Mapinduzi akapewa eka tatu, na mikarafuu iliyokuwamo aliitunza mpaka ikaishinda ya waliokuwa wakimcheka. Sijapata kuona haya kwa jambo hilo. Mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na stashahada, na wa kwanza mtaani kwetu, pengine katika wilaya nzima, kuwa na hati ya fleti katika nchi isiyo yangu. Nayaandika haya ili ijulikane nilivyoipata, na zaidi, nilivyoinusuru.

Kule Ghuba, katika mitaa iliyotengwa, mgeni anaruhusiwa kumiliki fleti, na hati hutoka ofisi ya ardhi kwa jina lake. Nyumba zile nilizijua kwa ndani kuliko wenye nazo, maana viyoyozi vyake nilivifunga mimi. Niliyoitaka ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya kati, madirisha yasiyotazama jua la alasiri. Akiba yangu haikutosha. Benki ilikuwa tayari kunikopesha lakini sikutaka riba, basi nikakopa kwa watu wangu, kwa kauli tu: shemeji yangu aliye mvuvi wa Msuka, rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa anauza vitambaa Jadida, na mama yangu mdogo, aliyenilea. Wa nne ni yuleyule mwenye duka wa Wawi. Alinitumia fungu lake pamoja na ujumbe: "Ukishindwa, nataka ushindwe kwa pesa zangu, nipate haki ya kucheka."

Mama mdogo hakuwa na fedha mkononi. Alikuwa na mikarafuu ya babu. Akaikodisha: mfanyabiashara mmoja akampa fedha za misimu iliyokuwa mbele, na katika misimu hiyo kila karafuu iliyoshuka kwenye miti ile ilikuwa ya mfanyabiashara. Nilimwahidi mama mdogo kwamba kodi ya fleti itamlipa kabla misimu haijesha. Ahadi hiyo nilikuwa nikiamka nayo kila asubuhi.

Nilipochoka kuwa fundi wa watu nilirudi Pemba, nikafungua karakana yangu Chake Chake, ya mafriji na viyoyozi. Fleti nikamwachia msimamizi. Hapa wengi huchanganya, kwa hivyo nieleze. Jengo lina kampuni yake, na kila mwenye fleti huilipa ada ya lifti, ulinzi na usafi, awepo asiwepo. Msimamizi wa fleti ni mtu mwengine, unamweka mwenyewe akutafutie mpangaji, apokee kodi na akuletee. Wangu alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, tukisali naye safu moja. Nikamwandikia uwakala wa kila kitu, usio na kikomo cha muda, kama sisi tunavyomwachia mtu shamba: chukua, tazama, tutaonana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mwanzoni kodi ilikuja. Kisha ikakatika.

"Soko limeanguka," aliniambia kwenye simu. "Fleti ni tupu. Subira, ndugu yangu."

Ada ya jengo haikuwa na subira. Ikawa inanijia mimi, niilipe kwa fedha za kutengeneza mafriji ya watu, kwani ukiacha kuilipa jengo linaweza kukushitaki na fleti ikauzwa mnadani. Nikalipa. Wakopeshaji hawakuniuliza kitu, na bora wangeuliza. Misimu ya mama mdogo ikesha, na kwa kuwa nilikuwa sijamlipa, akaikodisha tena miti ili apate kula. Siku moja nilipita uani kwa yule mfanyabiashara nikamkuta mama mdogo amekaa jamvini na wanawake wengine, anachambua, anatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kwa malipo ya kila pishi. Karafuu zilizokuwa mbele yake zilitoka kwenye miti yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatazama nini? Kazi hii naijua tangu hujazaliwa."

"Natazama tu."

"Basi tazama huku unatembea. Unanizibia mwanga."

Nilitembea. Lakini nilipofika karakana nilikuwa nimeshaamua kwamba fleti ile itasema ukweli, nitake nisitake kuusikia.

Rafiki yangu wa Jadida alinishauri niiuze kwa bei yoyote. "Wewe mgeni kule," alisema. "Mgeni atashitaki wapi?"

"Hati ina jina langu," nilimjibu. "Haikuandikwa mgeni."

Nilianza na kampuni ya jengo. Wakaniambia kwa adabu kwamba mambo ya fleti yangu wanazungumza na wakala wangu. Nikamtafuta mwanamke mmoja wa Msuka, jirani wa shemeji yangu, aliyeolewa kule Ghuba na anakaa mtaa wa pili kutoka kwenye jengo. Akaenda. Mlinzi akamzuia mlangoni: unamtembelea nani, namba gani, umealikwa? Akarudi. Jengo la aina ile hupigi hodi. Mlango wa chini unafunguliwa na mtu wa juu, na mtu wa juu, kwa hesabu ya msimamizi wangu, hakuwepo.

Kisha ikaingia Ramadhani, na mimi nikampigia tena yule mwanamke wa Msuka.

"Dada, ukipika futari nitilie na mimi sahani moja."

"Nikutilie, halafu niirushe Pemba?"

"Ipeleke nyumbani kwangu."

"Si unasema tupu?"

"Futari hupelekwa jirani. Kama hakuna ntu, utarudi nayo."

Alicheka. "Sahani ya futari hakuna mlinzi wa kuizuia," alisema. "Na huyu nitamtilia yake."

Alipika kaimati na mkate wa kumimina, akafunika sahani kwa kawa aliyoletewa kutoka nyumbani. Mlinzi alipokea yake, akamfungulia lifti mwenyewe. Mara tu baada ya magharibi simu yangu ikalia.

"Kaka, fleti yako tupu ina watoto watatu, bibi mmoja, na televisheni inanguruma. Sahani imepokewa. Mke wa nyumba kanambia nisubiri. Kanirudishia ina tende na wali."

Nilikaa chini hapohapo kwenye kizingiti cha karakana. Sikukasirika, kinyume na watu wanavyodhani. Nilifurahi, kwa sababu sasa nilijua ninapigana na nini.

Sahani ikirudi na kitu ndani, na wewe huna budi kuipeleka tena. Kesho yake ikaenda na sambusa, ikarudi na halua. Kabla Ramadhani haijafika katikati wale wanawake wawili walikuwa wakifuturu zulia moja. Wapangaji walikuwa Wamisri, walihamia wakati uleule "soko lilipoanguka". Kodi walikuwa wakimpa msimamizi, kwa hundi za jina lake. Aliwaambia kwamba mwenye fleti ni Mzungu mmoja bahili, hapokei simu, ndiyo maana kiyoyozi kinavuja maji juu ya kitanda cha watoto na hakuna wa kukitengeneza.

"Mwambie mumewe," nilisema, "Mzungu anataka kuzungumza naye."

Mume alikuja kwenye simu na mashaka yake. Kiarabu changu ni cha kazini lakini kinatosha.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni Mzungu."

"Panda kiti. Fungua kifuniko cha dari pale ukumbini, mbele ya choo. Tazama mkono wa kushoto. Bomba la maji nimelifunga kwa waya mwekundu, maana siku ile vibanio viliniishia."

Nilisikia kiti kinaburutwa, kifuniko kinafunguliwa, mtoto anauliza jambo na kuambiwa anyamaze.

"Upo," alisema. "Mwekundu."

"Basi bomba hilo limeziba. Nitakwambia la kufanya."

Nikamwelekeza hatua kwa hatua, nikiwa nimekaa Chake Chake na fundo la waya mkononi kana kwamba mashine iko mbele yangu. Alichomoa bomba, akalipuliza, uchafu ukatoka, maji yakaenda yanakotakiwa. Matengenezo ni wajibu wa mwenye nyumba, na wajibu huo niliutimiza toka ng'ambo ya bahari. Nani mwengine barazani Wawi angeweza? Nikamwambia pia kwamba mkataba wake nitauheshimu mpaka uishe, sitamtoa wala sitampandishia kodi. Ndipo akanipa nakala za mkataba na hundi, akasema akiitwa kushuhudia atakuja.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya mguu na mihuri. Nilipanda boti kwenda Unguja, nikafuta uwakala wa msimamizi mbele ya wakili. Nikaandika uwakala mpya kwa dada yule wa Msuka, na safari hii niliandika kama mtu aliyesoma: kwa shauri hili tu, kwa muda huu tu, hana ruhusa ya kuuza. Kutoka hapo ofisi hadi ofisi, muhuri juu ya muhuri. Karani mmoja aliniambia nirudi wiki ijayo. Nilimwambia nitasubiri pale kwenye benchi hadi wiki ijayo ifike. Alinitazama, akagonga muhuri.

Barua ilipomfikia msimamizi, alipiga simu siku hiyohiyo.

"Ndugu yangu, haya si tungeyamaliza sisi kwa sisi?"

"Uliniambia tupu."

"Kulikuwa na gharama. Na wewe uko mbali, hujui hali ya huku. Kesi za huku zinataka mtu awepo, zinataka fedha. Chukua kiasi kidogo, tusameheane."

"Nitachukua kodi yangu yote. Ukishailipa, kusameheana tutazungumza."

"Wewe ni fundi viyoyozi tu," alisema, na upole ule wa msikitini ulikuwa umemtoka.

"Ndiyo," nilisema. "Fundi viyoyozi mwenye fleti."

Shauri lilisikilizwa kwenye ofisi ya Serikali ya kule inayoamua migogoro ya kodi, na waliruhusu mwenye nyumba aliye nje ahudhurie kwa video. Nilivaa kanzu na koti, nikazima mafriji yote karakana ili sauti isivurugike, nikatundika stashahada ukutani nyuma yangu ionekane vizuri. Mtu wa sheria wa msimamizi alisema uwakala ulikuwa wa kila kitu. Mwamuzi akamuuliza kama katika kila kitu hicho kuliandikwa pia kumwambia mwenye mali kwamba nyumba ni tupu. Mmisri alishuhudia. Dada wa Msuka alisimama na hati yangu mkononi. Ada ya jengo ilibaki juu yangu, na niliikubali, maana ada ni ya mwenye fleti. Lakini kodi yote aliyoila msimamizi aliamriwa kuirudisha. Alikawia, akafungiwa leseni yake ya usimamizi, akalipa.

Fedha zilipoingia sikungoja Ijumaa. Nilianza Msuka asubuhi. Shemeji alipokea bila kuhesabu, akanilazimisha nichukue pweza. Jadida rafiki yangu alitaka nipokee kitambaa cha suti kama hongera, nilikipokea. Wawi niliikuta baraza imejaa, kama nilivyotaka, nikaweka fungu la mwenye duka juu ya mizani yake mbele ya wote.

Alilitazama. "Umeninyima kicheko changu," alisema.

"Nicheke hata sasa, nimeshalipa."

"Sasa hakuna ladha." Akaliweka mfukoni, kisha akaagiza niletewe kahawa, na hakuna aliyekumbuka kumwona akimnunulia mtu kahawa.

Mama mdogo nilimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nilimkuta palepale uani kwa mfanyabiashara, jamvini, karafuu mbichi mbele yake. Nikachutama nikampa bahasha. Aliifungua, akachungulia, akaifunga, akaitia kifuani.

"Yote?"

"Yote, mama. Msimu huu ndio wa mwisho miti kuwa ya watu."

Nilidhani atainuka. Hakuinuka. Alinisogezea nafasi.

"Kaa. Kapu halijesha."

Nikakunja koti, nikakaa, tukachambua karafuu huku na makonyo kule, wanawake wengine wakinicheka vidole vyangu vya ufundi. Kapu lilipokwisha alikwenda kupimiwa pishi zake, akapokea malipo yake ya siku hiyo kama siku zote, akayafunga kwenye ncha ya kanga. Ndipo alipomgeukia mfanyabiashara.

"Misimu yako ikisha," alimwambia, "jamvi lako lichukue. Mimi nitaanika kwangu."